Asiamke Mpaka Nirudi

12 Machi
Mwaka mmoja na miezi miwili tangu niondoke

Mwanangu Kelele,

Marahaba. Barua yako imefika jana na lori la udongo, imekunjwa mara nne kama hirizi. Nimeifungua nikakuta mistari mitatu. Mtu anayepiga gitaa mpaka majirani wanagonga ukuta, akishika kalamu anakuwa bahili namna hii? Lakini sina ugomvi, maana katikati ya mistari hiyo kuna neno nililolisubiri tangu nimuoe mama yako. Umeandika: "Mama amepumzika Ijumaa alfajiri. Tumejitahidi kadiri ya uwezo wetu."

Nimecheka peke yangu kitandani. Miaka yote namwambia mwanamke wewe pumzika, naye anajibu kwamba nguo ya mtu haishonwi na maneno. Hata siku wewe unazaliwa alipindua upindo wa sketi ya mteja kwanza, ndipo akakubali twende. Mwezi uliopita nilikuandikia kwamba hospitali wakimruhusu, umwambie nimesema mimi, apumzike. Kumbe safari hii amenisikia. Kuumwa kumemfunza kutii kuliko mimi nilivyoweza.

Sasa fanya hivi. Cherehani ifunike kitambaa. Wateja waende kwa mafundi wengine. Mtu yeyote asimsumbue. Na mwambie asiamke mpaka nirudi. Nitamwamsha mwenyewe kwa chai yangu, na anajua ilivyo mbaya, ataamka tu.

Mimi nipo. Nimehamishwa kutoka kwenye kupakia, sasa nakaa mwisho wa tanuri. Vigae vikitoka vimepoa kidogo, nakigonga kila kimoja kwa kijiti. Kizima kinalia kama kengele. Chenye ufa kinasema "pu", hata kama kwa macho huoni kitu. Kazi ya kukaa, lakini vumbi linaingia mpaka kwenye ndoto. Mtandao bado haushiki hapa kambini, simu yangu ni tochi. Kwa hiyo niandikie.

Nategemea kurudi Januari, mkataba ukiisha.

Baba yako wa tanurini


20 Aprili

Baba, shikamoo.

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, kisha nikaisoma tena nimekaa chini. Nimeanza kukujibu mara nyingi. Samahani kwa kuchelewa.

Mama hana maumivu tena. Cherehani nimeifunika kama ulivyosema. Wateja wamekuja kuchukua vitambaa vyao. Kuna gauni la bibi harusi lilikuwa halina mkono mmoja, mwenyewe akalikumbatia hivyohivyo akaondoka akilia. Hakuna anayemsumbua Mama.

Nyumba ilijaa watu wiki ile nzima. Baba Mkubwa alisimamia kila kitu. Aliniuliza kama umepata habari, nikasema umepata. Akauliza umesemaje. Nikamwambia umesema apumzike. Akasema ndugu yake amekuwa mtu mgumu siku hizi. Fundi viatu, jirani yetu, anakupa pole nyingi sana.

Tumeanza albamu ya pili. Ni sisi watatu walewale, mimi, mpiga besi na mpiga ngoma, na gereji ni ileile ya kina mpiga besi. Kampuni ya muziki hatuna bado. Fundi mitambo wetu wa kurekodi anasema watu walioipenda ile ya kwanza, "Majirani Samahani", wanasubiri kelele kubwa zaidi. Baba, kelele haziji. Nikishika gitaa inatoka noti moja, nasubiri, inatoka nyingine, kama mtu anayepanda ngazi gizani. Mpiga ngoma analalamika kwamba anakaa bure. Juzi aliniuliza kama alete kitabu asome.

Kuna neno nataka kukwambia na kalamu inakataa. Labda barua ijayo.

Jitunze na vumbi.

Kelele


2 Juni
Mwaka mmoja na miezi mitano tangu niondoke

Mwanangu,

Marahaba. Mwambie fundi viatu nimeshapoa. Kazi ni ngumu lakini mwili umezoea, na ahsante kwa kunikumbuka. Kaka yangu naye asinichoshe. Mtu akimwambia mkewe apumzike ndiyo anakuwa mgumu? Angekuwa yeye anamwambia shemeji yangu hivyo, nyumba yao ingekuwa na amani.

Neno linalokushinda kusema nimeshalijua. Umepata mchumba. Nimekaa nikalitazama kila upande, haliwezi kuwa jingine. Sina kinyongo, ila asiwe mpiga ngoma. Mtu anayelipwa kwa kupiga vitu, mimi namwogopa.

Nina habari. Hapa kuna kijana anatunyoa nywele, tunamwita Kinyozi ingawa mchana anapakia vigae kama sisi. Ana simu nzuri, na kila akienda mjini Jumapili anarudi na muziki ndani yake. Nikamtajia "Majirani Samahani", kumbe anayo. Hakuamini kwamba wewe ni wangu. Alinitazama miguu mpaka kichwa kama anayetafuta mahali gitaa lilipopitia.

Tuliusikiliza wimbo ule wa tatu, wanaume kumi na wawili na ndoo zao za kufulia. Ilipofika pale katikati gitaa linaponyamaza na mama yako anasikika anaimbia puani, nikawaambia jinsi ilivyokuwa. Kwamba ulikuwa unarekodi chumbani kwake kwa sababu gereji ilivuja, ukadhani ametoka, kumbe yuko nyuma ya pazia anashona, na kipaza sauti kikamchukua. Kwamba alipojisikia kwenye spika alikasirika, akasema umemwiba. Hapo wakacheka. Lakini wimbo ulipoisha mzee mmoja, anayelala kitanda cha juu yangu, aliomba urudiwe.

Kwa hiyo nakuomba jambo. Kwenye hii ya pili, Mama aimbe tena. Sogeza kipaza sauti karibu na kitanda chake. Kupumzika si kunyamaza.

Halafu salamu zake sizioni. Zamani mstari wako wa mwisho ulikuwa "Mama anasema" na hapo napigwa maneno yangu. Barua mbili sasa hakuna. Amenuna? Muulize nimekosa nini.

Nategemea kurudi Januari.

Baba


25 Agosti

Baba, shikamoo.

Hakuna mchumba. Mpiga ngoma anakusalimu, amecheka kidogo.

Albamu imetoka. Inaitwa "Amepumzika".

Nilitaka uipate wewe kwanza, lakini sikujua njia. Nyimbo ni nane, zote za polepole. Wimbo wa kwanza una maneno yako. Nimekuiba kama nilivyomwiba Mama. Wimbo wa sita niliurekodi chumbani kwake, na pale katikati nimefanya ulivyoniomba. Niliweka kipaza sauti karibu na kitanda.

Haijapokelewa vizuri. Nakuandikia kabla Kinyozi hajakuletea. Yule mchambuzi wa gazeti, aliyesema "Majirani Samahani" ilimfanya amwombe radhi jirani yake kwa miaka yote, safari hii ameandika hivi, nakunakilia: "Jina la albamu linasema kweli. Mwimbaji amepumzika, na sisi tumelala." Ameandika pia kwamba kiitikio cha wimbo wa kwanza ni maneno ya kumbembelezea mtoto, na kwamba wimbo wa sita una kosa la studio, ukimya mrefu ambao fundi alisahau kuukata. Wengine wakachukua hapohapo. Mmoja ameuliza aliyeitwa Kelele amekwenda wapi. Mwingine ameandika kwamba mafanikio yamenifanya mvivu, kwamba naimba habari za usingizi kama mtu aliyenunua godoro jipya. Kwenye onyesho la Jumamosi watu walipiga kelele wakitaka nyimbo za zamani, na tulipofika wimbo wa sita waliongea mpaka ukaisha. Mpiga besi alitaka kushuka jukwaani akapigane.

Fundi mitambo ananisukuma nikahojiwe redioni, nieleze albamu inahusu nini. Anasema sentensi moja tu itageuza mambo yote. Nimekataa. Amenikasirikia, na ana haki, maana na yeye ametoa jasho lake. Lakini sentensi hiyo siwezi kuisema redioni kabla ya kuisema mahali pengine.

Baba, ukiisikiliza, usisikilize ukiwa na watu wengi.

Kelele


28 Septemba
Mwaka mmoja na miezi minane tangu niondoke

Mwanangu,

Marahaba. Nimeisikia, na nimeisikia na watu wengi, maana Kinyozi hana subira. Alirudi kutoka mjini jioni, akaiweka kabla hajavua viatu.

Kiitikio cha kwanza kilipoanza nilisimama. "Asiamke mpaka nirudi, nitamwamsha mwenyewe." Nikawaambia jamani hayo ni maneno yangu, niliyaandika kwa mkono huu, nikawaonyesha na mkono. Nilijiona mkubwa. Sauti yako imekuwa ya chini, lakini inafika. Yule wa kitanda cha juu alikaa, akaweka mikono magotini, hakuinuka tena. Nyimbo zote nane zilipoisha Kinyozi akazima, akaniambia, "Mzee, pole." Nikamwambia pole ampe huyo mchambuzi, maana nina matusi nimemwandalia, yamepangwa kwa urefu, natafuta tu anwani. Kinyozi hakucheka. Nikaona ni uchovu.

Lakini hapo kwenye wimbo wa sita sikuelewa. Mama hakuingia. Alichelewa? Au ndiyo bado amenuna? Kama alikataa ungeniambia nimwandikie mimi.

Naendelea, ni Jumatano. Barua hii sikuifunga, nimekaa nayo.

Leo baada ya zamu nimemwomba Kinyozi simu na hedifoni zake, nikaenda nyuma ya stoo ya vigae vilivyovunjika. Nimeusikiliza wimbo wa sita peke yangu. Ule ukimya si ukimya. Nimesikia bawaba ya dirisha letu, ile niliyoahidi kuitia mafuta. Nimesikia nyundo ya fundi viatu ng'ambo ya ukuta. Nimesikia kitambaa kikigusagusa cherehani upepo ukipita. Chumba changu chote kimo humo. Umesema uliweka kipaza sauti karibu na kitanda, na kama kimeweza kuchukua kitambaa, kingemchukua na yeye. Mtu aliyelala husikika akipumua.

Nimeitoa barua yako ya mwezi wa tatu. Nilikuwa nimeiweka kwenye mfuko wa shati la kutokea. Nimeisoma kama ingekuwa imeandikwa kwa mtu mwingine.

Mimi kutwa nagonga vigae, na kigae chenye ufa kilikaa kwenye mfuko wangu miezi sita.

Kelele, sina shule ya kutosha kwa maneno ya adabu. Niandikie upya. Neno lile usilitumie. Kama alikufa, andika alikufa.

Baba


14 Oktoba

Baba,

Mama alikufa.

Alikufa Ijumaa ile alfajiri, hospitali, mimi nikiwa nimemshika mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa na dripu. Usiku wa kuamkia siku hiyo aliuliza kama mkono wa gauni la bibi harusi umekatwa vizuri. Nikamwambia umekatwa. Akasema, "Baba yako usimwandikie kwamba naumwa sana, atatembea kwa miguu." Hayo ndiyo ya mwisho niliyoyaelewa. Tulimzika Jumamosi, jirani na bibi.

Jioni ileile nilikaa kukuandikia. Neno lenyewe niliandika herufi ya kwanza, nikaikata. Nikaandika lile ambalo watu wote walikuwa wanalisema pale uani. Nilidhani utalielewa kama wao. Kisha ikaja barua yako, umefurahi. Umesema umecheka peke yako. Nilifikiri, nikimwandikia Baba sasa nitakuwa nimemuua Mama mara ya pili, na safari hii ni mimi. Nikajipa wiki moja. Nikajipa nyingine. Kila pole uliyotumiwa ukajibu kwamba umeshapoa.

Wote hapa wanadhani unajua. Baba Mkubwa anasema ulishindwa hata kuomba ruhusa uje kwenye kaburi. Nimewaacha waseme. Hilo linanichoma kuliko lolote lililoandikwa gazetini, kwa sababu gazeti lilinisema mimi.

Fundi mitambo alinibana tena wiki iliyopita. Ningesema tu kwenye kipaza sauti kwamba mama yangu amekufa, ile ni sauti ya chumba chake, na anayesema "mpaka nirudi" ni baba ambaye hajaambiwa. Kila mtu angeisikiliza upya. Lakini Kinyozi angekuja na habari hiyo Jumapili jioni mfukoni, akiwa hajavua viatu. Nikaona afadhali albamu ife.

Imekufa. Maonyesho mawili yamefutwa, na mpiga ngoma amepata kundi jingine, ameniomba radhi vizuri. Simlaumu.

Sasa unajua. Sijui nifanye nini na hii albamu, wala sijui nifanye nini nawe. Kama hutaki kuniandikia kwa muda, nitaelewa. Usitembee kwa miguu tu.

Kelele


3 Novemba
Mwaka mmoja na miezi kumi tangu niondoke

Mwanangu,

Lori lilileta barua yako nikiwa kwenye zamu. Nilisoma mstari wa kwanza, nikaiweka, nikagonga vigae mpaka zamu ikaisha. Nyapara aliniambia baadaye kwamba vyote nilivipitisha, vizima na vyenye ufa. Amevirudia yeye mwenyewe, hakunisema.

Nimekasirika. Nakwambia kwa sababu sijui kuficha. Nimekasirika kwamba wanaume kumi na wawili na ndoo zao walimlilia mke wangu mimi nimesimama katikati yao najisifu. Kinyozi alijua tangu wimbo wa kwanza. Wa kitanda cha juu alijua, na ndiyo maana wiki zote hizi ananiachia maji ya moto. Miezi saba nimekuwa mume wa mtu, na siku za mwisho mbele ya watu waliojua kwamba mimi ni mjane. Hilo usiniambie nilisahau, sitalisahau.

Lakini nimeikumbuka ile barua yangu ya Machi kupitia wimbo wako, nikajiweka mahali pako mlangoni, nimesimama nayo mkononi. Asiamke mpaka nirudi. Mimi mwenyewe nisingeweza kujibu. Ningeitupa jikoni nikasema haikufika.

Kaka yangu nitamwandikia leo. Miezi yote hii ameniona jiwe, na wewe umekaa naye meza moja ukimeza. Hapo umebeba kitu kisichokuwa saizi yako.

Yule mchambuzi nimemsamehe, wala si kwa wema. Neno lile alilisoma kama nilivyolisoma mimi. Kama yeye ni mjinga tuko wawili, na mimi ndiye niliyelala na marehemu kitanda kimoja. Yale matusi yamebaki, nitayatumia kwa nyapara siku nyingine.

Kuhusu albamu. Kinyozi anasema ukieleza sasa watageuka na kukusifu, wataandika kwamba walijua tangu mwanzo. Eleza au usieleze, hilo ni lako, kazi ni yako. Ila usiendelee kunyamaza kwa ajili yangu. Mimi nimeshaambiwa. Na wimbo wa sita usimruhusu mtu aukate hata kidogo. Hapa wameuzoea. Ukifika pale katikati wanafunga bomba la maji ili wasikie dirisha.

Tangu Jumatatu Kinyozi ananiazima simu nikitoka kazini, nakaa kule nyuma ya stoo. Nimejaribu kuimbia puani pale alipokuwa anaimba yeye. Siwezi. Sauti inageuka kikohozi. Yeye angesema ni vumbi.

Nimemwendea nyapara, nimemwambia mke wangu amekufa. Akaniuliza lini. Nikasema Machi. Amenipa ruhusa, mkataba umalizike bila mimi.

Nilisema mengi kwenye ule wimbo wako. Nilisema atalala, amelala. Nilisema nitamwamsha, siwezi. Limebaki moja tu la kutimiza, nalo natimiza.

Usije kunipokea stendi na usiniwekee chakula. Kunja vizuri kile kitambaa cha cherehani, toa na birika; chai nitaichemsha mwenyewe nikifika nyumbani, halafu twende navyo kaburini wote wawili. Mafuta ya bawaba nakuja nayo.

Nategemea kufika Jumamosi ya kwanza ya Desemba, kwa basi la asubuhi.

Baba yako